Ombati Arasa na Swali la Kazi ya Stima

Wasifu huu umetayarishwa na familia, na unasomwa na dada yake mdogo, Mwalimu Bosibori. Wazee wa kanisa wameomba uwe mfupi kwa sababu ya mvua. Marehemu mwenyewe angeuliza mvua na maneno vinahusiana vipi, na tungesimama hapa mpaka jioni tukimjibu.

Marehemu Johana Ombati Arasa alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 huko Kitutu, wilaya ya Kisii. Alikuwa kifungua mimba wa mzee Arasa na mama Bonareri, ambao wote wametangulia. Tarehe hiyo alipewa na misheni siku ya ubatizo, maana mama yake alikumbuka jambo moja tu: nzige walikuwa wametua, majirani wote wako mashambani wanapiga madebe kuwafukuza, na yeye akajifungua peke yake. Ombati alipopata akili alimuuliza, "Sasa mama, nani alikushika?" Mama akamjibu, "Nzige." Mtoto mwingine angecheka akaenda kucheza. Yeye alitaka kujua wale nzige walikwenda wapi baadaye, na kama kuna mtu aliyewafuata kuangalia.

Mwaka wa 1938 mzee Arasa alipata kazi ya kuchuma chai katika shamba moja chini ya mji wa Kericho, na familia ikahamia kambini. Nyumba za kambi ziliwashwa koroboi, lakini kiwanda kule juu kiling'aa usiku kucha. Ombati alimuuliza baba yake taa zile zinakula nini. Mzee alisema zinakula maji. Mtoto akaona anafanyiwa mzaha. Basi Jumapili moja akaushika waya kwa macho tangu kiwandani, akaufuata kwa miguu, akapasua chai katikati, akashuka bondeni, shati likararuka, mpaka akafika mtoni. Mwisho wa waya alikuta kijumba cha mawe kinachonguruma. Ndani mlikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa anapaka mashine mafuta, mwenzake amelala juu ya gunia. Jioni alichapwa kwa sababu ya shati. Kila fimbo ikipumzika anauliza, "Lakini baba, wale watu wengine wako wapi?" Hakuamini kwamba mwanga wote ule unatolewa na watu wawili, tena mmoja amelala.

Alisoma katika shule ya shamba hadi darasa la nne, kisha akarudishwa Kisii kwa shule ya misheni, ambako alimaliza darasa la nane mwaka wa 1948. Ripoti yake ya mwisho ilisema, "Anauliza sana. Apunguze." Dada yake, ambaye amefundisha kule Sigowet miaka kumi na miwili sasa, anaomba kusema wazi mbele ya jamaa wote kwamba mwalimu aliyeandika hivyo alikuwa mvivu.

Mwaka wa 1949 aliajiriwa katika kijumba kile kile cha mtoni, ambacho wafanyakazi walikiita pawahausi. Alianza kwa kupaka mafuta, na kufikia 1956 alikuwa mwangalizi wa mtambo. Mwenzake alikuwa Bwana Joab Okeyo, kutoka upande wa ziwa, ambaye yuko nasi leo na mama watoto wake Jerusa. Sasa, Ombati alikuwa Msabato na mtambo haujui Sabato. Wazee wa kanisa walimweka kitako: je, ni dhambi kuzungusha stima siku ya Bwana? Ombati akawauliza kama ni dhambi mto kutiririka. Hawakupenda jibu hilo. Joab ndiye aliyemaliza maneno, alisema, "Ombati, wewe shika Jumapili yangu, mimi nashika Jumamosi yako, tuone kama Mungu atakosea hesabu." Wakafanya hivyo miaka yote waliyokuwa pamoja, na hakuna aliyekosa ibada.

Jumapili tarehe 18 Agosti 1957 alifunga ndoa na Yunia, binti wa watu wa Nyaribari. Ng'ombe walitolewa kwa mila, na harusi ikafanywa kanisani. Wiki iliyofuata alimpeleka bibi arusi mtoni akaone mtambo, kama vile wanaume wengine wanavyowapeleka wake zao kupigwa picha. Yunia aliangalia magurudumu, akaziba masikio, akasema, "Kelele yote hii ni ya kukausha majani?" Ombati alicheka siku nzima. Alituambia nyumbani kwamba amepata mke ambaye swali lake la kwanza lilikuwa kubwa kuliko maswali yake yote.

Mwaka wa 1965 walipata shamba hapa Kedowa, katika skimu mpya ya kugawia watu ardhi. Wale mlioingia pamoja nao mnakumbuka desturi tuliyoianza wenyewe. Hapa tulikuwa watu wa kutoka kila mahali, Wakipsigis, Wakisii, Wajaluo, Wakikuyu, na hakuna aliyemjua babu ya mwenzake. Kwa hiyo kigingi cha mpaka hakikupigwa na mtu mmoja. Mwenye shamba alikishika, jirani naye akakishika, na mpimaji akapiga nyundo. Mikono ya wote wawili ikiwa pale, hakuna atakayeamka kesho aseme kimesogea. Kigingi chake Ombati alikishika pamoja na jirani yake, mzee Kipsang, na nyundo ya kwanza ilitua kwenye kidole gumba cha Kipsang. Hivyo ndivyo walivyofahamiana. Yunia alikaa hapa akilima, na Ombati akawa anapanda baiskeli kutoka Kericho kila alipopata nafasi, kilima chote hicho.

Mwisho wa mwaka wa 1969 shamba la chai liliunganishwa na laini kubwa ya stima kutoka mbali. Pawahausi ikafungwa, ikabaki ya dharura tu. Meneja aliwaita akawaambia kwa upole: stima sasa inakuja yenyewe, haihitaji mtu wa kuikalia. Anayetaka kubaki atapewa kikapu cha kuchuma chai. Anayetaka stima aifuate ilikokwenda. Joab alipata nafasi Kisumu. Ombati alipata Nairobi, katika stesheni ya swichi, mahali pa kugawia stima, iliyokuwa nyuma ya ofisi kuu ya kampuni. Januari 1970 alifunga sanduku, akaenda.

Huko Nairobi, jamani, ndiko alikowakuta wale watu wengine aliowaulizia akiwa anachapwa. Ofisi ilikuwa ya ghorofa. Kulikuwa na wachoraji, wapiga taipu, wasoma mita, wapima mita, madereva, watu wa bili, watu wa kuwasumbua wasiolipa bili, na mama mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuwapikia chai wote hao, tena chai ya Kericho. Mto hakuna, maporomoko hakuna. Saa ya chakula Ombati alikuwa anazunguka meza kwa meza na adabu zake zote: "Samahani ndugu, wewe hapa kazi yako ni gani? Na kabla yako ilifanywa na nani?" Baada ya wiki mbili watu wakaanza kunyamaza akiingia. Wengine walidhani ni mtu wa chama cha wafanyakazi. Wengine walidhani ametumwa na serikali kupunguza watu, na karani mmoja alimletea kuku.

Hapo katikati kulitokea jambo ambalo familia haiwezi kuliruka. Tarehe 3 Mei 1971 mzee Arasa alifariki huko Kitutu. Kwetu, kifungua mimba ndiye anayetia udongo wa kwanza kwenye kaburi la baba yake. Habari ilitumwa Nairobi, ikazunguka, ikamfikia siku ya tatu akiwa zamu. Akaomba ruhusa, akasafiri usiku na mchana, akafika akakuta kaburi limeshafunikwa na watu wanakunja viti. Binamu alikuwa ametia mkono badala yake. Ombati alikaa pale kaburini mpaka umande ukamlowesha. Alilia kwa sauti, mwanaume mzima, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Dada yake alipompelekea uji alimwambia, "Bosibori, mimi sikuenda Nairobi kutafuta Nairobi. Nilienda kutafuta kazi yangu. Nani aliihamisha?" Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu duniani, kazi ya stima iwe karibu na watu wake, ili asikae mbali nao tena, na watoto wake wasije wakakaa mbali naye.

Aliporudi ofisini alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Obiero, mchoraji wa ramani za laini, mtu wa maneno machache. Alimuuliza kwa nini stima inatoka mashambani na kazi yake inakaa mjini. Obiero aliweka penseli chini. "Ombati, maji hayalipi bili. Mtambo ukishasimama unataka watu wawili watatu. Taa ndiyo inataka watu: wa kuifunga, kuisoma, kuitengeneza ikizimika. Kazi inafuata taa. Huko kwenu Kedowa kuna taa ngapi?"

"Hakuna hata moja. Waya unapita mbali, unaenda kwa viwanda."

"Basi mtaajiriwa kufanya nini? Kuangalia waya?"

"Na taa zikija, kazi itakuja?"

Obiero aliichukua tena penseli yake. "Sijui," akasema. "Sijaona mtu akijaribu."

Ombati aliondoka pale akitembea haraka. Hakuwa na hasira hata kidogo, na alituambia baadaye kwamba alihisi kama mtu aliyeonyeshwa mlango ambao siku zote aliudhani ni ukuta. Kwa mwaka mzima alimsumbua Obiero na wakubwa wake. Kedowa iko barabarani, alisema, kuna maduka, kuna shule, kuna soko, kuna baridi inayomtaka mtu awashe kitu. Laini ya vituo vidogo vya biashara kati ya Londiani na Kericho ilikuwa bado inachorwa, na pale itakapopita patahitaji depo, yaani kituo cha mafundi wa kuitunza. Mwishowe Kedowa ikaandikwa kwenye ramani, laini na depo. Agosti 1972 wapimaji wakatumwa. Ombati hakumwambia Yunia neno. Alitaka ashangae.

Yunia, Mama Ogari, utavumilia, maana sehemu hii ni yako, na marehemu alikuwa akiisimulia kila Krismasi.

Wapimaji walikuja na lori, wakapiga vigingi vyenye rangi nyekundu kichwani, kutoka barabarani, kupita kwa Kipsang, kupita kwa Ombati, mpaka kule shuleni. Walipiga wenyewe, kwa haraka, hawakumwita mwenye shamba wala jirani. Watu walitoka wakaangalia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hapa kila mmoja alikuwa ametoka mahali ambapo aliwahi kuondolewa na mtu mwenye vigingi. Yunia alimfuata mkubwa wao.

"Hii kigingi imeshikwa na nani?"

"Haishikwi na mtu, mama. Ni ya stima."

"Kigingi haina mkono ni ya mwizi. Wewe unataka kukata shamba yangu nusu na bwana yangu hayuko."

"Mama, mimi nimetumwa."

"Basi mwambie huyo amekutuma akuje mwenyewe!"

Wapimaji walipokwenda kula chakula cha mchana, Yunia akawaita akina mama, na Dorcus wa pale dukani akafunga duka akaja na jembe. Waling'oa vigingi vyote mchana kweupe, huku wanaimba. Wapimaji wakarudi, wakaangalia, wakapanda lori. Hapakuwa na haja ya kubishana na Kedowa, wakati vituo vingine vilikuwa vinalilia laini. Ikahamishiwa kwingine, na depo ikaenda nayo, na kule ofisini hakuna aliyemwambia Ombati.

Na yule aliyewatuma alikuja mwenyewe, kweli. Desemba Ombati alipofika likizo alikuta maharagwe ya Yunia yamepanda vizuri ajabu, kila mche umeegemea kigingi chenye kichwa chekundu. Aliuliza. Yunia akamsimulia kwa madaha yote, jinsi walivyolinda shamba. Ombati alikaa chini kwenye kizingiti. Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakatoka, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaisha. Akamwambia.

Yunia aliuliza, "Kwa nini hukuniambia, Baba Ogari?"

"Nilitaka ushangae."

"Haya. Nimeshangaa."

Mtu mwingine angevunja nyumba kwa jambo hilo, au angalau angevunja sufuria. Ombati alichokonoa swali. Alitaka kujua kosa liko wapi hasa, na baada ya siku mbili za kuzunguka kwa majirani akasema kosa si la akina mama. Stima ya mjini ilikuja hapa na desturi ya mjini, ambako mtu hawezi kuulizwa kila mara waya unapopita. Hapa ardhi ilikuwa na miaka saba tu mikononi mwetu. Kigingi kisicho na mkono kilikuwa kitisho, na yeye, wa hapa hapa, alilisahau hilo kwa kukaa Nairobi miaka mitatu tu. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Machi 1973 aliacha kazi ya Nairobi. Watu walimcheka. Mkubwa wake alimuuliza anaenda kufanya nini mahali pasipo na stima, na alijibu kwamba ndicho anachokwenda kuangalia. Alirudishwa kwenye pawahausi ya dharura, siku chache kwa wiki, na siku zilizobaki yeye na Yunia walitembea nyumba kwa nyumba. Yeye alibeba ramani. Yunia alibeba maneno, kwa sababu ndiye aliyeaminika. Katika baraza la chifu alisimama akasema, "Mimi ndiye niling'oa. Mimi ndiye nasema irudi. Lakini ikirudi, kila kigingi ishikwe." Makofi yalipigwa mpaka chifu akaomba utulivu.

Obiero alisaidia tena kule ofisini, na mwaka wa 1975 wapimaji wakarudi. Safari hii walikuta watu wamesimama mashambani wawili wawili, wanasubiri. Kila kigingi kilishikwa na mwenye shamba na jirani yake. Mkubwa wa wapimaji alilalamika kwamba kazi ya siku moja inachukua wiki. Kipsang alimwambia apige polepole, aangalie vidole. Hakuna kigingi hata kimoja kilichong'olewa, na stima iliwashwa hapa Kedowa tarehe 17 Juni 1977.

Kufikia hapo Ombati alikuwa mgonjwa. Tangu 1976 miguu ilikuwa inavimba na pumzi inamwishia akipanda kilima. Hospitali ya Kericho waligundua moyo umepanuka. Alimuuliza daktari moyo unasukumwa na nini, na daktari, Mungu ambariki, aliacha foleni ikasubiri akamchorea kwenye karatasi. Alikatazwa ngazi, nguzo na baiskeli. Hakuweza kuomba kazi aliyoipigania miaka sita. Hakulalamika, ila siku depo ilipofunguliwa, Januari 1978, alivaa koti lake la Nairobi akakaa kwenye kiti kando ya barabara tangu asubuhi.

Ofisa aliyetoka Nakuru alijua habari zake, akamwambia kwamba nafasi moja anaweza kumpa mwanawe Ogari bila usaili. Yunia alifurahi. Ombati akasema, "Aulizwe kama wengine. Akipewa bure, hii itakuwa depo yangu, na mimi nilitaka ya Kedowa." Nyumba ilikuwa baridi kwa siku kadhaa, na Ogari hakuongea na baba yake. Usaili ukafanywa. Walichukuliwa watatu wa hapa: binti wa Dorcus kwa simu, na kwa laini Kiprono wa mzee Kipsang na Ogari. Ogari alirudi mbio kumwambia baba yake, na baba yake alitaka kujua alivyoulizwa swali kwa swali.

Basi kazi tatu tu. Kuna waliomdhihaki: miaka sita, vigingi mara mbili, kwa watu watatu? Ombati mwenyewe alikiri kwamba alitarajia zaidi. Lakini aliendelea kukaa kwenye kiti chake barabarani akiangalia, na kila mwezi kitu kikaongezeka. Kinu cha posho kilichokuwa kinakunywa dizeli kikawekwa mota, kikaajiri mtu wa pili. Kijana akaanza kuchomelea milango. Kinyozi akaja kutoka Londiani. Mama mmoja akaweka friji ya soda, katika baridi hii, na watu wakanunua! Obiero alipopiga simu depo kumsalimu, Ombati alipiga kelele ili asikike Nairobi: "Obiero, sisi wote wawili tulikosea! Nilikuwa natafuta kazi ndani ya waya. Iko mwisho wa waya!" Alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi, na kumbe alikuwa amegundua tu kwamba hakujua.

Katika miezi yake ya mwisho hakutoka tena. Ogari alikuwa anakuja nyumbani kula mchana, na baba yake alimngoja na maswali: leo umepanda nguzo ya wapi, nani aliita, ilikuwa imeharibika vipi, mwenye nyumba alisema nini. Ugali ulipoa kila siku. Familia inakumbuka miezi hiyo kwa shukrani kuliko miaka mingi ya afya.

Jumanne tarehe 10 Oktoba 1978, saa nne asubuhi, pumzi yake ilibadilika. Upepo wa Jumatatu ulikuwa umeinamisha nguzo kwa Kipsang, na Ogari na Kiprono walikuwa juu wanakaza nyaya. Yunia hakutuma mtu wala simu. Alitoka uani akaita jina la mwanawe, na Ogari alisikia, akashuka, akakimbia kupitia mahindi, akaingia na mkanda wa kupandia ukiwa bado kiunoni. Alimshika baba yake mkono. Ombati alifungua macho, akauangalia ule mkanda.

"Nani amebaki kwa nguzo?"

"Kiprono, baba. Anamalizia."

"Kiprono wa hapa?"

"Wa hapa hapa, baba."

Akaitikia kwa kichwa polepole, na hakuuliza tena.

Marehemu ameacha mjane, Yunia. Watoto watatu, Ogari, Mokeira na Bitutu. Dada yake Bosibori. Rafiki yake Joab Okeyo, ambaye ameomba aandikwe pamoja na ndugu, na ameandikwa. Na majirani wa Kedowa, ambao wanajijua.

Lala salama, Ombati wa Arasa, na Mungu akujibu yote yaliyobaki.